Spika Iliyopasuka Kwenye Barabara ya Nyacheki

Nyuzi za gitaa la besi zikichoka, usizitupe. Zitoe, zizungushe kama tambi, uzichemshe kwenye sufuria dakika kumi, uzianike mpaka zikauke kabisa, kisha uzirudishe. Zitalia kama mpya kwa wiki mbili hivi. Nawaambia haya mapema kwa sababu ni ushauri wangu ambao haujawahi kumkosanisha mtu na mwenzake, ukimwacha mama yangu, ambaye sufuria ile ndiyo aliyokuwa akipikia uji. Kwa siku tatu uji wetu ulikuwa na ladha ya misumari.

Nyinyi vijana mnaopiga magitaa pale Nyamira mjini mliniuliza juzi kama ni kweli tulikuwa na bendi ya roki huku kwetu enzi hizo. Mmoja wenu alicheka kidogo akiniangalia gambuti zangu. Ni kweli. Iliitwa Manga Elektriki, nami nilikuwa mpiga besi na fundi wa mitambo yake kwa miaka tisa, kuanzia mwisho wa miaka ya sitini. Hatukuwa na meneja, hatukuwa na kampuni, na kwa muda mrefu hatukuwa hata na waya za kutosha.

Tulikuwa watatu. Ombati wa Nyacheki ndiye aliyepiga gitaa la juu na kuimba. Alikuwa mrefu, mkaidi, na alikuwa na redio ya masafa mafupi iliyokuwa ikinasa stesheni za mbali, zile zenye magitaa ya kukwaruza. Alisikiliza redio ile hadi akaona gitaa laini ni kama chai isiyo na majani. Wa pili alikuwa Omondi, seremala aliyetoka upande wa ziwa akafungua karakana Kisii mjini, na ngoma zake zote alizichonga mwenyewe. Wa tatu ni mimi, Kepha. Omondi hakujua Ekegusii na sisi hatukujua Kijaluo, kwa hiyo lugha ya bendi ikawa Kiswahili, kile chetu cha milimani ambacho kila kitu ni "hii". Gitaa ni hii, watu ni hii, mvua ni hii.

Ombati na mimi tulikuwa watoto wa Wasabato. Ijumaa jua likizama, gitaa linaingia chini ya kitanda mpaka jua la Jumamosi lizame. Omondi, Mkatoliki, alikuwa akisema ameingia bendi ya pekee duniani inayolala siku ambayo dunia nzima inacheza. Kwa hiyo sisi siku yetu ikawa Jumapili mchana. Tulipiga bugi, yaani dansi ya vijana ya alasiri, kwenye ukumbi ukipatikana, na usipopatikana, uwanjani na jenereta ya petroli ikikoroma nyuma ya mgomba.

Hapo kuna jambo la kujifunza. Siku moja tulipiga Itumbe, karibu na kiwanda cha majani chai, kwenye nyasi zilizonyeshewa asubuhi. Mimi ndiye niliyefunga mitambo, na nilisahau waya wa ardhi. Ombati alikuwa amevua viatu kwa sababu matope yalikuwa yameviharibu. Alipofika kwenye kiitikio akasogeza mdomo, ukagusa maikrofoni, umeme ukampitia. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena, na uliingia sawasawa na mdundo wa Omondi. Wafanyakazi wa kiwanda walidhani ni sehemu ya wimbo. Walipiga makofi wakataka urudiwe.

"Rudia hiyo!" wakasema. "Hiyo ya mwisho!"

"Mwambieni Kepha arudie," Ombati akajibu, midomo ikitetemeka.

Tangu siku hiyo sikuwasha kitu kabla ya kuangalia waya wa ardhi mara mbili, na kila mwimbaji alisimama juu ya ubao mkavu. Omondi aliuchonga. Nyinyi mna mitambo inayojizima yenyewe, lakini subirini siku mtakayopiga kwenye ukumbi wa mtu aliyejifungia umeme mwenyewe.

Mazoezi tulifanyia Sironga, kwenye ghala la mahindi lililokuwa tupu. Jirani yake aliishi Mwalimu Yunes, mwalimu wa shule na mfundishaji wa kwaya kanisani, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwogopa. Tulijua bendi yetu haimpendezi, kwa kuwa aliwahi kusema hivyo mbele ya kanisa zima, akitazama benchi langu. Basi siku moja mlango wa ghala ukafunguka, naye huyo.

Tuliacha kupiga. Omondi akaficha vijiti nyuma ya mgongo.

"Msiogope, sikuja kuwahubiria," alisema. "Nimekuja kwa sababu huo uzi wa tatu unanitesa tangu Jumanne."

"Uzi hii, Mwalimu?" Ombati akauliza.

"Uzi *huu*. Na uzi huu uko chini. Upandishe. Bado. Bado. Hapo! Sasa naweza kusahihisha madaftari yangu."

Akatoka. Wiki iliyofuata alirudi kwa sababu ya besi. Aliniambia naijaza kila nafasi kama mtu anayepakia gunia, na akaniimbisha do-re-mi huku nikipiga, nikikosa anaanza upya. Hakuwahi kuja bugi hata moja. Lakini kila nilipojua kuwa yupo nyumba ya pili anasikia, vidole vyangu vilikuwa na adabu zaidi. Kama mnaweza kumpata mtu asiyependa muziki wenu lakini hawezi kuvumilia mkikosea, mkaribisheni chai. Mashabiki hawatawafundisha kitu.

Sasa nije kwenye spika.

Tulialikwa kupiga Nyacheki, nyumbani kwao Ombati. Tulipanda lori lililokuwa linapeleka mbolea na majembe kwa wakulima wa chai. Kupakia ilikuwa kazi yangu. Spika hupakiwa uso ukitazama ndani, ukiegemea godoro. Mimi, kwa haraka, niliiweka spika ya gitaa uso nje. Barabara ile mnaijua mvua ikinyesha. Tulipofika, mpini wa jembe ulikuwa umeingia kwenye karatasi ya spika, na mpasuko wa urefu wa kidole ulikuwa unanitazama.

Hatukuwa na nyingine. Ombati alichomeka gitaa akapiga noti moja, na spika ikanguruma. Haikuwa kelele ya kitu kibovu. Ilikuwa nzito, yenye manyoya, kama nyuki wamefungiwa ndani ya mtungi. Wazee waliokuwa wamekaa mbali, waliokuja kwa heshima ya baba yake Ombati tu, walisimama. Mmoja akaanza kutikisa mabega. Baada ya wimbo wa pili hapakuwa na mtu aliyeketi.

Jumatatu, ghalani, Mwalimu Yunes alikuja bila kuitwa. Nilidhani amekuja kulalamika, nikaanza kumweleza habari ya mpini na jembe.

"Nyamaza," alisema. "Ombati, piga tena."

Ombati akapiga. Mwalimu alivua miwani.

"Hiyo ni obokano ya tata," akasema.

Obokano ni kinubi kikubwa cha kwetu, cha nyuzi nane, kinachonguruma kuliko kuimba. Tata, yaani baba yake, alikuwa mpigaji mashuhuri mpaka alipobatizwa, akakipandisha darini kwa sababu kilizoea mahali pa pombe. Yunes alikuwa msichana mdogo wakati huo. Hatukujua habari hizo. Alirudisha miwani akaenda zake, na Ombati akanigeukia: "Mpasuko huo usiguswe. Na mtu yeyote."

Hivyo ndivyo tulivyopata sauti yetu, kwa uzembe wangu. Mwaka mzima tulipiga na spika ile, na watu wakaanza kutuita wale wa kunguruma.

Kisha akaja mtu kutoka Nairobi, mtengenezaji wa santuri. Sitamtaja, hakuwa mtu mbaya. Alitusikiliza Jumapili moja Kisii mjini, akatuita pembeni.

"Mko na kitu," alisema. "Nyimbo ni nzuri, ngoma ni nzuri. Lakini mashine ya gitaa ni mgonjwa. Mkija kurekodi, njooni na mashine nzima."

"Mashine yetu si mgonjwa," Ombati alijibu.

"Kijana, nina masikio."

"Mimi pia niko nayo."

Yule bwana akacheka, akatupa siku ya kwenda. Ombati akasema tutakwenda na spika vilevile ilivyo, na tukifukuzwa tutarudi. Omondi akakubali. Mimi nikatikisa kichwa kama nimekubali, lakini moyo wangu haukuwa pale. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitaka santuri yenye jina letu katikati kuliko nilivyotaka kuoa. Nilimwona yule bwana akitufungia mlango, sisi tukirudi Kisii na maboksi yetu kama watu waliokwenda sokoni wakakuta limefungwa.

Asubuhi ya safari mitambo ilikuwa kwangu. Nilichukua bahasha ya kaki, nikakata kipande, nikakipaka gundi ya mbao niliyoiomba kwa Omondi bila kumwambia ya nini. Nilibandika mbele, nikabandika nyuma, nikapaka tena juu kwa manyoya ya kuku. Fundi yeyote atawaambia ilikuwa kazi safi. Sijawahi kuziba spika vizuri namna ile.

Studio tulipiga nyimbo mbili. Gitaa lilitoka jeupe, nyororo, kama la bendi yoyote ya redioni. Yule bwana alifurahi, akatupa soda. Tulipotoka nje, Ombati aliniuliza, "Kepha, umeigusa?"

"Niliziba kidogo."

"Mbona hukuniuliza?"

Akajijibu mwenyewe.

"Kama ungeniuliza ningesema hapana. Ndiyo maana hukuniuliza."

Kutoka Nairobi mpaka Kisii hakusema neno lingine. Omondi alikaa katikati yetu akila njugu moja moja, akitupa kila mmoja yake kama watoto waliopigana.

Santuri ilifika. Mwenye duka mmoja pale Kisii aliipiga kwenye kipaza sauti kilichotazama barabara, nami nikasimama hapo nimevaa shati la Sabato, nikingoja. Watu walipita. Mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa akicheza kila bugi yetu ya mjini, alikuwa ameketi palepale. Nikamuuliza anaionaje.

"Ni nzuri. Ni bendi ya wapi?"

"Ni sisi, mama."

"Nyinyi?" Akaniangalia vizuri. "Nyinyi si mnanguruma?"

Niliona afadhali angenitukana.

Ombati aliacha kuja mazoezini. Hakutangaza, aliacha tu. Nilisikia anasaidia shamba la chai la baba yao. Omondi alikuwa akienda Nyacheki akirudi na ujumbe ambao haukuwa ujumbe. "Anasema migomba imestawi," ananiambia. "Mimi naona hiyo ni salamu, omera, ndugu yangu." Haikuwa salamu.

Nami nikawa napambana na spika. Niliibandua ile bahasha, ikatoka na nyama ya karatasi. Nikapasua upya kwa wembe. Ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nikapata spika nyingine kuukuu, nikaipasua kwa mpini wa jembe kabisa, nikidhani siri iko kwenye mpini. Ikalia kama bati. Niliharibu spika tatu, na ya nne nilikuwa nimeishikia wembe ghalani, mchana, mlango wazi, Mwalimu Yunes aliponikuta.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza yote, na bahasha. Nilikuwa sijamweleza mtu. Hakunionea huruma. Alinisikiliza kama anasikiliza mtoto akikariri hesabu, kisha akasema, "Weka wembe. Njoo."

Tulikwenda kwa baba yake, mwendo wa saa moja kwa miguu. Mzee alikuwa shambani na hakuulizwa. Yunes mwenyewe alipanda ngazi, na sketi yake ya kanisani, akashusha obokano ikiwa na vumbi la miaka. Akaniambia niguse pale nyuzi zinapopita kabla ya kufika kwenye ngozi.

"Kumebana au kumelegea?"

"Kumelegea kidogo, Mwalimu."

"Tata hakuwa akipasua kitu. Aliacha mahali pa kutikisika. Uzi ukigusa sana, kinanyamaza. Usipogusa, kinalia kitoto. Alikuwa akitafuta hapo katikati asubuhi nzima, mama akimwita chai ikipoa."

Hilo ndilo somo kubwa nililolipata katika kazi yangu yote, na aliyenipa ni mtu aliyetaka niache kazi hiyo. Nilirudi nikamwomba Omondi kipande cha ngozi ya mbuzi kilichobaki kwenye ngoma. Nikakata utepe mwembamba, nikaufunga mbele ya spika nzima, isiyopasuliwa, ukigusa karatasi kwa ncha tu, na msumari wa kukaza au kulegeza. Ilinichukua siku nne. Siku ya nne ikanguruma, na uzuri ni kwamba sasa ningeweza kuiambia ingurume kiasi gani.

Niliibeba mwenyewe mpaka Nyacheki, na jenereta kwenye mkokoteni, Omondi akisukuma na kulaani kilima. Ombati alikuwa anachuma chai. Alituona, akaendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa. Kisha akaja, akachukua gitaa bila salamu, akapiga noti moja. Akapiga nyingine. Akainama akaangalia ngozi.

"Nani alikufundisha kupasua hivi?"

"Sikupasua. Nililegeza."

Alipiga saa nzima, peke yake, baba yake akiita kutoka shambani kwamba majani yananyauka. Alipomaliza alisema, "Tutarekodi wenyewe." Huo ndio uliokuwa msamaha wangu, sikupewa mwingine.

Tulirekodi darasani, Sironga, wakati wa likizo. Padri mmoja rafiki yake Omondi alituazima kinasa sauti cha kanda, kile chenye magurudumu mawili. Tulitundika mablanketi madirishani. Ilibidi tumalize kabla ya saa tisa, kwa sababu saa tisa mvua ya kwetu haikosi, na radi ikianza nilikuwa nachomoa plagi zote hata kama mtu yuko katikati ya neno. Tulipiga nyimbo nne siku moja. Ya nne ina matone ya kwanza juu ya mabati. Mkisikiliza vizuri mtayasikia, na pia mtasikia wimbo ukikatika ghafla. Huyo ni mimi na plagi.

Kanda ile tuliipeleka Nairobi ikakatwa santuri bila kubadilishwa kitu. Haikuwa santuri ya kuvuma nchi nzima. Sidhani kama ilivuka Nakuru. Lakini huku kwetu, ukipita njia yoyote kati ya Kisii na Nyamira siku ya soko, uliisikia, na yule mama wa ndizi alinunua moja ingawa hakuwa na gramafoni. Alisema atamwachia mtu atakayekuwa nayo.

Bendi iliisha miaka michache baadaye, bila ugomvi. Omondi alipata kazi ya kutengeneza samani Mombasa, na hatukutaka mpiga ngoma mwingine. Bugi ya mwisho tulipiga Nyamira, Jumapili. Tulipomaliza, Omondi alikuwa bado anashikwa mikono na watu, mimi na Ombati tukawa tunafunga maboksi kwa kamba.

"Kepha," Ombati akasema, bila kuinua kichwa. "Ile siku ya Nairobi. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Noti ya kwanza tu. Nilijua umeiziba."

Nikakumbuka kwamba pale studio, baada ya noti ya kwanza, alisimama kidogo. Nilidhani anarekebisha mkanda wa gitaa.

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Yule bwana alikuwa ametabasamu kwa mara ya kwanza. Na mimi nilitaka hiyo santuri." Akakaza fundo. "Halafu nikakununia miezi saba. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko kujinunia."

Miaka minne nilikuwa nimebeba kosa lile peke yangu, naye ananiona nalibeba. Nilikasirika kweli. Nilikasirika kwa muda wote wa kufunga boksi moja. Tulipofika kwenye la pili alishika upande wake, mimi wangu, tukainua, na hasira sikuiona tena ilipokwenda. Tulikuwa na maboksi sita, na mvua ilikuwa inakuja.